Uliichomeka Wapi?

Leo tunazungumzia chaja. Ile ndogo ya simu tuiache kando. Nasema ile kubwa, ya betri za drili, misumeno na grinda zisizo na waya, ambazo siku hizi utazikuta kwa seremala, kwa fundi wa aluminiamu, kwa wanaofunga dari za jipsamu na kwa wanaofungua nati za magurudumu.

Chaja hizi zina kifo kimoja ambacho mafundi wa Kariakoo hapa Dar es Salaam, na wenzao wa Luthuli Avenue kule Nairobi, wanakijua kwa mlio wake. Mzigo umefika kutoka Marekani, au umenunuliwa kwenye mtumba wa Japani. Drili safi, betri mbili, chaja inang'aa. Mwenyewe ana haraka ya kuijaribu. Anatafuta adapta, anachomeka ukutani, anawasha swichi. Pu! Moshi kidogo, harufu kali, kimya. Furaha ya mzigo imeishia hapo.

Fundi mzuri akiletewa chaja ya namna hiyo huuliza kwanza: uliichomeka wapi? Wateja wengine hujibu kwa mafumbo. Ilizima tu yenyewe, fundi. Ilikuwa inachaji vizuri, tukashangaa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiigeuza chaja yenyewe, mgongoni kuna kibandiko kinachosema ukweli wote.

Basi tuanze na hicho kibandiko. Tafuta neno INPUT, yaani umeme unaoingia. Ikiwa mbele yake pameandikwa 100-240V, 50/60Hz, chaja hiyo inakubali umeme wa karibu dunia nzima. Chaja za simu na za kompyuta mpakato karibu zote ziko hivyo, na ndizo zilizotuzoesha vibaya. Tumejifunza kwamba kikipatikana kitu cha kuingiza miguu ya plagi ukutani, mambo yamekwisha. Sasa geuza chaja ya drili iliyonunuliwa Marekani. Mara nyingi utakuta 120V, 60Hz, basi. Ya Japani, 100V. Hakuna mstari katikati wala namba ya pili. Chaja hiyo ina umeme mmoja tu inaoujua.

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Kenya na Uganda ni 240. Yaani umeme wetu ni karibu mara mbili ya wa Marekani, na zaidi ya mara mbili ya wa Japani. Na usidhani chombo kikitoka Uingereza uko salama moja kwa moja. Nyumba za Uingereza zinatumia volti 230 kama sisi, lakini kwenye maeneo ya ujenzi kule hutumika vifaa vya volti 110 kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi, vyenye plagi ya duara ya rangi ya njano. Vifaa hivyo navyo huuzwa mitumba. Hata Saudi Arabia, ambako ndugu zetu wengi wamefanya kazi, nyumba nyingi kwa miaka mingi zilitumia volti 127. Kwa hiyo jina la nchi halitoshi. Soma kibandiko.

Na zile 50 na 60 za hezi je? Wengi huzitupia lawama. Japani wana vyote viwili. Mwaka 1895 Tokyo ilipata mitambo ya Kijerumani ya AEG ya hezi 50, na mwaka uliofuata Osaka ikachukua mitambo ya Kimarekani ya General Electric ya hezi 60. Mpaka leo mashariki ya Japani ni 50, magharibi ni 60, na chaja moja hufanya kazi pande zote mbili. Kwa chaja za kisasa za kielektroniki, hezi si tatizo. Muuaji ni volti.

Sasa twende ndani ya chaja tuone kifo chenyewe, maana ukikielewa utajua pia ni nini kinachoweza kuokolewa.

Umeme wa ukutani unapanda na kushuka. Namba 230 ni ya kukadiria nguvu yake ya kazi, lakini kila unapopanda, kilele chake hufika kama volti 325. Umeme wa 120, kilele chake ni kama 170. Ukishaingia ndani, daiodi nne huunyoosha, kisha huhifadhiwa kwenye kapasita moja kubwa. Kapasita hiyo ni kama simtanki juu ya paa: hupokea, hujaa hadi kimo cha juu kabisa, na bomba la mtaani likikatika yenyewe bado ina maji. Kwa hiyo inajaa hadi kilele, volti 170. Mtengenezaji aliyekusudia kuuza Marekani peke yake huiwekea uwezo wa volti 200, kwa sababu zinatosha na kapasita ya namna hiyo ni ndogo na rahisi. Wewe unailetea 325.

Mbele ya kapasita hiyo, mlangoni kabisa, kuna fyuzi. Nyuma ya fyuzi, chaja nyingi zina kidude bapa cha duara, mara nyingi cha rangi ya bluu, kinachoitwa varista. Kazi ya varista ni kukaa kimya siku zote, na siku volti zikizidi kipimo chake, kujifungua na kupitisha umeme mwingi ghafla. Kwa kufanya hivyo inajiunguza yenyewe na kuilazimisha fyuzi ikatike. Ule mlio wa pu, mara nyingi, ni varista inapasuka.

Hapo ndipo chaja hizi hutofautiana. Kuna inayokufa kifo chema: varista imepasuka, fyuzi imekatika, na walio nyuma yao hawakuguswa. Vitu viwili vya bei ndogo vimekwenda, chaja nzima imebaki. Na kuna inayokufa kifo kibaya: varista haikuwepo, au fyuzi ilichelewa, umeme ukapita. Kapasita inavimba kichwa na kumwaga maji yake. Transista ya kukatakata umeme, inayowasha na kuzima maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, inapiga shoti. Daiodi zinafuata. Resista ndogo iliyo chini ya transista inaungua nyeusi, na mara nyingine ile aisi (IC) inayoiongoza nayo inakwenda.

Lakini hata kwenye kifo kibaya, msikilizaji, kumbuka jambo moja. Chaja ina pande mbili, na kati yake kuna transfoma ndogo isiyounganisha waya wa upande huu na wa upande ule. Umeme mkubwa uko upande wa ukutani. Upande wa betri una volti chache, na huko ndiko mara nyingi iliko ile akili inayozungumza na betri. Upande huo kwa kawaida hunusurika. Ndiyo maana chaja iliyoungua kwa volti nyingi isiharakishwe kwenda jalalani. Kilichokufa, mara nyingi, kiko mlangoni.

Sasa namna ya kuitengeneza. Haya nayasema kwa fundi, na kwa mteja anayetaka kujua kama fundi wake anajua. Kama hujawahi kushika umeme wa ukutani, yasikilize kama elimu tu, kazi mpe mwenye kuijua.

La kwanza, chomoa, halafu usiamini kwamba umechomoa. Ile kapasita yenye tabia ya simtanki inaweza kuwa na volti mia tatu dakika kadhaa baadaye, na huo ni umeme wa DC, unaoshika. Pima kwa mita. Ikiwa ina chaji, imwage polepole kupitia resista ya wati tano, ya omu elfu kadhaa. Wengine hugusisha bisibisi kwenye miguu yake miwili wakafurahia cheche. Cheche ile hula bisibisi, huharibu bodi, na siku moja itarukia jicho.

La pili, tumia macho na pua. Varista iliyopasuka huacha masizi. Kapasita iliyovimba kichwa inaonekana. Resista iliyoungua ina harufu yake.

La tatu, na hapa ndipo mafundi wanapopishana: fyuzi ikiwa imekatika, usikimbilie kuweka nyingine. Fyuzi haikatiki kwa kupenda. Pima kwanza nyuma yake. Daiodi nzima, mita ikiwa kwenye kipimo cha daiodi, husoma kama nusu volti upande mmoja na kukataa upande wa pili. Ikisoma sifuri pande zote, imepiga shoti. Pima transista hivyo hivyo. Pima kati ya miguu ya kapasita kubwa. Ukiweka fyuzi mpya mbele ya transista iliyopiga shoti, utakuwa umenunua mlio mwingine wa pu. Na yule anayeweka kipande cha waya, au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, mahali pa fyuzi, huyo ameondoa kitu pekee kilichokuwa kikizuia chaja isiwake moto juu ya meza ya mtu.

La nne, rudisha namba ile ile. Fyuzi ina ampea zake, iliyoandikwa T huvumilia kishindo cha kuwasha, iliyoandikwa F ni ya haraka. Varista ya chaja ya volti 120 mara nyingi huishia na namba 241, yaani huanza kujifungua kwenye volti kama 240. Ya umeme wetu huwa 471, yaani 470. Ukichukua varista ya 471 ukaiweka kwenye chaja ya volti 120 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, umeweka mlinzi ambaye ataamka wenziwe wote wamekwishakufa.

La tano, usiichomeke moja kwa moja kuijaribu. Pitisha umeme kwanza kwenye globu ya zamani yenye uzi ndani, iliyofungwa kwenye njia ya waya mmoja, na umeme wenyewe uwe wa volti zinazotakiwa. Globu ikimweka mara moja kisha ikafifia, kapasita imejaa na hakuna shoti. Ikiwaka na kubaki inawaka, zima, bado kuna ugonjwa. Globu za LED hazifanyi kazi hii. Na usishtuke ukipima upande wa betri ukakuta sifuri: chaja nyingi za kisasa hazitoi kitu mpaka zione betri yenyewe imekaa mahali pake.

Zile chaja za zamani, nzito, zenye transfoma ya chuma, ugonjwa wake ni mwingine. Zikipata volti mara mbili, chuma kinashindwa kubeba usumaku wote ule, koili inavuta umeme kupita kiasi na kupata moto. Ndani ya ile koili, chini ya utepe, mara nyingi kuna fyuzi ya joto. Ukibahatika, hiyo ndiyo iliyokatika, na ikibadilishwa kwa yenye nyuzi joto zile zile, chaja inafufuka. Usipobahatika, koili imeungua, na hapo bei ya kusuka koili upya itakushauri uachane nayo.

Haya, msikilizaji. Tuseme kazi imekwenda vizuri. Varista mpya, fyuzi mpya, kapasita mpya. Taa ya kijani inawaka. Mteja anatabasamu, anatoa pesa. Kazi imekwisha?

Mimi nasema haijaisha. Chaja ile imerudi kuwa kama ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani, na siku ilipotoka kiwandani ilikuwa ya volti 120. Haijajifunza chochote. Ikifika nyumbani ikachomekwa tena kwenye ukuta ule ule, itakufa kifo kile kile, na safari hii huenda kisiwe kifo chema. Fundi atakuwa ameondoa ushahidi wa kosa, kosa lenyewe akaliacha.

Na hapa nina neno na mafundi. Chaja ya Marekani huja na plagi ya miguu miwili bapa. Miguu hiyo haiingii kwenye soketi yetu ya miguu mitatu ya mstatili. Watu huona ni usumbufu, na fundi, kwa nia njema kabisa, anaikata ile plagi na kufunga ya kwetu ili mteja asihangaike. Ndugu yangu fundi, umemwondolea onyo la mwisho alilokuwa nalo! Ile plagi isiyoingia ilikuwa inamwambia kwamba umeme huu si wake. Adapta nayo ni hivyo hivyo: inabadilisha umbo la miguu, volti haizigusi hata moja. Tena siku hizi tuna zile ekstensheni zenye matundu yanayomeza mguu wa kila nchi. Ni rahisi, zimejaa madukani, na zinafuta mpaka uliokuwa unatulinda.

Basi kazi kamili inakuwaje? Ziko njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni transfoma ya kushusha umeme, kutoka 230 hadi volti zilizoandikwa kwenye kibandiko. Soma kwenye kibandiko chaja inakula ampea ngapi, zidisha kwa volti. Ikila ampea 2 kwa volti 120, hizo ni volti-ampea 240. Usinunue transfoma ya 250 ukaibana hapo hapo. Chukua ya 500 ili isichemke. Na jihadhari na vile vibadilishi vyepesi vinavyoandikwa wati elfu moja na zaidi, lakini unavibeba kwa vidole viwili. Vingi ni vya pasi na vikausha nywele. Vinakatakata umeme ovyo, na chaja ya kielektroniki haivipendi. Transfoma ya kweli ina chuma ndani, na chuma kina uzito. Kisha plagi ya chaja ibaki ile ile bapa, iingie kwenye transfoma tu, na juu ya chaja paandikwe kwa rangi isiyofutika: VOLTI 120, USICHOMEKE UKUTANI.

Ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kununua chaja nyingine ya kampuni ile ile, iliyotengenezwa kwa volti 230. Betri haijui ukuta una volti ngapi. Betri za DeWalt zinazouzwa Marekani zimeandikwa 20V MAX, na za Ulaya zimeandikwa 18V, lakini ndani zote zina seli tano za lithiamu kwenye mfululizo mmoja. Wamarekani wameandika kwa kukadiria kilele cha betri iliyojaa, Ulaya wakaandika wastani wake wa kazi. Inaingia kule, inaingia huku. Kwa hiyo drili na betri zako za ng'ambo hazijapotea kwa sababu chaja imekufa.

Njia ya tatu mnayoniuliza mara nyingi, kuigeuza chaja ya 120 iwe ya 230 kwa kubadilisha kapasita na varista, siishauri. Transfoma yake ya ndani, transista yake na vipimo vyake vyote vilihesabiwa kwa umeme mwingine. Kubadilisha viwili ukaacha kumi ni kujaribu bahati karibu na betri ya lithiamu, na lithiamu haina mzaha. Vivyo hivyo kwa wanaochomoa chaja wakaunganisha betri moja kwa moja na umeme wa DC wa kukisia. Seli ya kawaida ya betri hizi inakoma kwenye volti 4.2, kwa hiyo betri ya seli tano inakoma kwenye 21. Chaja hupima hiyo, hupima na joto, kisha inajizuia. Waya mtupu haujizuii.

Nimalizie na kundi moja la wateja wanaoonewa. Wapo wenye chaja sahihi kabisa, imeandikwa 230, na imeungua. Hao msiwaambie walichomeka vibaya. Nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, ikikatika kwenye nguzo, nyumba iliyokuwa inapata volti 230 inaweza kusukumiwa kuelekea 400, maana kati ya fezi moja na nyingine, yaani kati ya nyaya mbili za moto, ndivyo ilivyo. Kilele cha 400 ni zaidi ya 560, na kapasita ya chaja yetu kwa kawaida ina uwezo wa 400 au 450. Dalili zake ni taa za nyumba moja kung'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia. Jenereta iliyoharibika kidhibiti chake nayo hufanya hayo. Hapo kutengeneza chaja peke yake ni kazi bure. Aitwe fundi umeme aikague nyutro, na pawekwe kifaa cha kukata umeme unapozidi, kama vile vya kulinda friji. Ugonjwa uko ukutani, chaja ilikuwa shahidi tu.

Kwa hiyo, msikilizaji, siku fundi atakapokurudishia chaja yako inawaka, kabla ya kumlipa muulize: umefanya nini ili isiungue tena? Akikuonyesha transfoma, au maandishi aliyoweka juu yake, au akakwambia nyutro ya nyumbani kwako ikaguliwe kwanza, mlipe na umshukuru. Akikuonyesha taa ya kijani tu, mwambie amalizie kazi.